Chaguo la Mtoto Huanzia Stoo

Ingia darasa lolote la kawaida la shule ya msingi huko Kitui au Makueni, nchini Kenya, na huenda ukaiona ukutani chati ya makundi ya vyakula: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Mtoto wa gredi ya nne anaikariri bila kukwama. Kengele ya chakula cha mchana ikilia, mtoto huyohuyo anachukua sahani yake na kupanga foleni mbele ya jikoni, apakuliwe alichopakuliwa jana na juzi: isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa kwa chumvi, na mafuta kidogo ikiwa yamebaki. Hakuna anayemuuliza anataka nini. Halafu sisi watu wazima tunakaa kwenye warsha na mikutano ya wazazi tukisema watoto wahimizwe kuchagua vyakula bora. Wachague kutoka wapi? Ninachokitetea hapa ni kwamba katika kaunti hizi mbili mtoto huchaguliwa chakula miezi kadhaa kabla hajakiona, siku ile kamati ya shule au afisa wa wizara anapoamua stoo ijazwe nini. Kumbukumbu yetu ya zaidi ya miaka arobaini ya kulisha watoto shuleni, tukiisoma vizuri, inatupeleka mlangoni mwa stoo hiyo, na chati ya ukutani inabaki pambo tu.

Kumbukumbu inayopendwa zaidi ni ile ya Maziwa ya Nyayo. Rais Moi aliyaanzisha mwaka 1979, na kwa miaka mingi watoto wa shule za msingi nchini walikunywa maziwa ya pakiti bila kulipa senti, wakiwemo wa Kitui na wa Makueni, ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos. Waliokua enzi hizo bado wanayataja kwa furaha, na mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanapoishia. Mimi naona mambo mawili ndani ya kumbukumbu hiyo. La kwanza, hakuna mtoto aliyehubiriwa ili anywe maziwa. Yaliletwa, yakafunguliwa, yakanyweka, hata katika nyumba ambazo maziwa yalikuwa ya kutia rangi chai tu. La pili ni chungu kidogo. Mpango ulipodidimia katika miaka ya 1990, KCC, kampuni ya kusindika maziwa, yenyewe ikiwa taabani, hakuna mtoto aliyeamua kuacha maziwa; lori liliacha kuja. Maziwa yale yalitoka mbali, na hakuna aliyekuwa ameunganisha shule na ng'ombe waliokuwa wakikamuliwa kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu. Kitu kikining'inia kwenye ndoano moja, ndoano ikikatika kinaanguka chote.

Sambamba na maziwa ulikuwepo mpango wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ulioanza kulisha watoto wa shule nchini Kenya mwaka 1980, hasa katika maeneo kame. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake wa chakula cha shule kinachonunuliwa nyumbani, ukianza na zaidi ya watoto nusu milioni, na kufikia mwaka 2018 shirika hilo lilikuwa limemaliza kukabidhi shule zake zote kwa serikali. Wazo la mwaka 2009 lilikuwa zuri sana: shule ipewe fedha, inunue chakula karibu na ilipo, na mkulima wa jirani apate soko. Mgao wenyewe kwa mtoto kwa siku ulikuwa nafaka gramu 150, jamii ya kunde gramu 40, mafuta gramu 5 na chumvi kiasi. Ukipiga hesabu unapata takriban kalori 700, ambazo kwa mtoto aliyetoka nyumbani na strungi, chai isiyo na maziwa, peke yake si haba. Chakula hicho kimewaweka darasani watoto wengi ambao miaka ya ukame ingewatawanya, na sitaki mtu asome makala haya akadhani nakidharau. Ila tazama kilichotokea kwenye utekelezaji. Mwongozo ulisema nafaka. Shule zikasoma mahindi. Mwongozo ulisema jamii ya kunde, zikasoma maharagwe. Baadaye wizara iliporudi kununua kwa wingi kutoka makao makuu na kusambaza kwa malori, hata ule mlango mdogo uliokuwa wazi kwa mbaazi na mtama ukafungwa. Kushusha gunia la mchele katika shule ya Kyuso, mahali ambapo mchele haulimwi, ni jambo linaloeleweka kwenye karatasi za zabuni na halieleweki popote pengine.

Mtu anaweza kusema: kalori ni kalori, mtoto akishiba yatosha. Jibu la hilo tulilipata karibu sana na nyumbani, ng'ambo ya Mto Tana. Kuanzia mwaka 1998, watafiti wakiongozwa na daktari wa watoto Charlotte Neumann walifanya kazi katika shule 12 za msingi huko Embu kwa mihula saba. Baadhi ya shule zilipewa githeri, ndiyo isyo yetu, ya kawaida iliyoongezwa mafuta, nyingine githeri na maziwa, nyingine githeri iliyotiwa nyama ya kusaga, na kundi moja halikupewa chakula katika kipindi hicho. Walihakikisha vyakula hivyo vitatu vina nishati inayokaribiana, ili asije mtu akasema waliopewa nyama walishiba zaidi. Mwishoni, watoto wa githeri ya nyama walikuwa wameongeza misuli ya mkono kuliko wenzao, walicheza kwa bidii zaidi na kuongoza wengine uwanjani, na katika jaribio la kupima uwezo wa kufikiri waliwaacha wenzao. Maziwa nayo yalisaidia kimo, hasa kwa watoto waliokuwa wafupi kwa umri wao. Yaani watoto waliokula kiasi kimoja cha nishati hawakukua sawa, kwa sababu ya kile kidogo kilichoongezwa kwenye sufuria. Sijui utafiti mwingine uliofanywa karibu nasi unaostahili kubandikwa kwenye mlango wa kila stoo ya shule kuliko huo.

Najua hatuwezi kupika nyama kila siku Mutomo au Kathonzweni. Wala sitadai kwamba ndengu na mboga za kunde zitafanya kazi yote iliyofanywa na nyama ya Embu: vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, na madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka na maharagwe hufyonzwa kwa shida. Mtu anayeuza wazo la vyakula vya asili kana kwamba ni dawa ya kila kitu anatupotosha. Lakini kati ya nyama ya kila siku na mahindi na maharagwe ya kila siku pana nafasi kubwa. Dagaa waliokaushwa, ambao sisi tunawaita omena, wanauzwa kwenye masoko yetu, na wakisagwa hata kiganja kimoja hupotea ndani ya sufuria bila mtoto kuona macho ya samaki. Ukambani, yaani eneo letu hili, inafuga kuku wa kienyeji karibu kila boma. Yai moja kwa wiki si ndoto. Na hata madini ya chuma ya mimea hupenya mwilini vizuri zaidi yakiandamana na vitamini C kwenye mlo uleule, jambo linalonileta kwenye matunda, ambayo ndiyo aibu yetu kubwa.

Makueni ni kaunti ya maembe na machungwa. Ina kiwanda cha kusindika matunda pale Kalamba, kilichofunguliwa mwaka 2017 wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, na msimu wa maembe unapokolea, kati ya Desemba na Machi, matunda huoza chini ya miti kwa kukosa mnunuzi wa bei ya maana. Muhula wa kwanza huanza Januari. Kwa hiyo kuna wiki nyingi ambapo embe linaoza mita mia tatu kutoka foleni ya watoto wanaokula mahindi yasiyo na hata jani la mboga. Kwa upande wa Kitui, Gavana Charity Ngilu alipoingia mwaka 2017 alihimiza kilimo cha ndengu kwa nguvu, na wakulima waliitikia. Ndengu zilivunwa, madalali wakaja na mizani yao, magunia yakapanda lori, na fedha iliyobaki nyumbani ikanunua unga wa mahindi. Simlaumu mkulima, ndengu ni fedha, na karo hailipwi kwa kunde. Ninachosema ni kwamba shule iliyo kando ya shamba lile haikuwa hata kwenye orodha ya wanunuzi.

Mbaazi zinafundisha zaidi. Ukambani ndiko mbaazi za Kenya zinakolimwa kwa wingi, na soko kubwa la mbaazi kavu duniani ni India. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwao, bei iliporomoka Afrika Mashariki yote, na vilio vikasikika kutoka Lindi na Mtwara huko Tanzania hadi kwetu. Uamuzi wa Delhi ulipunguza thamani ya ghala la mtu wa Kibwezi. Mnunuzi mdogo asiyehama, anayekula mbaazi kila wiki ya muhula, asingeziba pengo lote hilo, lakini angekuwa afadhali. Brazil waliliona hili wakaliweka kwenye sheria: tangu mwaka 2009, angalau asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule kutoka serikali kuu zilitakiwa kununua kwa wakulima wadogo. Hawakumwachia mwalimu mkuu mwenye moyo mwema aamue.

Kuna sababu nyingine ya kupunguza kuegemea mahindi, na hii Kitui na Makueni haziwezi kuisahau. Mwaka 2004 watu walianza kufika hospitalini wakiwa na macho ya manjano na matumbo yaliyovimba. Ilikuwa sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu wa mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu na kuhifadhiwa vibaya. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317 na 125 kati yao walikufa, wengi wakiwa wa wilaya hizi mbili. Janga lile lilisababishwa hasa na mahindi ya nyumbani, ya watu waliojilimia wenyewe. Shule inayopika mahindi siku tano kwa wiki inamweka mtoto kwenye hatari hiyohiyo mara tano, na kuvu yenyewe haionekani kila mara kwa macho, wala sumu yake haiishi kwa kuchemsha. Ndengu, kunde, mtama na mawele hazishambuliwi kwa urahisi kama mahindi. Kubadilisha nafaka, kwa hiyo, ni kinga pia, mbali na kubadilisha ladha.

Hapa naomba nitulie kidogo kwenye muthokoi, kwa sababu ndani yake mna ujuzi ambao shule zetu zinautupa. Mahindi hurashiwa maji kidogo, hutwangwa kwenye kinu mpaka ganda na kiini vitoke, hupepetwa, ndipo hupikwa pamoja na mbaazi au maharagwe mpaka yakalainika. Mwaka 2008 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo ya kupima sumu katika kila hatua ya kazi hiyo, wakakuta kwamba kukoboa peke yake kulipunguza aflatoksini kwa karibu nusu kwa wastani, ingawa tofauti kati ya sampuli moja na nyingine ilikuwa kubwa. Bibi zetu hawakuwa na maabara, na pengine walikoboa kwa ajili ya ulaini tu. Hata hivyo muthokoi una gharama yake: ganda na kiini vinapotoka, huondoka na sehemu ya vitamini, madini na mafuta ya asili. Mahindi yaliyooza hayawi salama kwa kukobolewa, na muthokoi uliopikwa peke yake ni chakula cheupe kisicho na mengi. Ndiyo maana wapishi wa zamani hawakuupika peke yake. Mbaazi zilikuwa ndani, na majani ya kunde kando. Shule nyingi zinazosema zinapika muthokoi zimechukua nusu ya mapishi.

Pingamizi zito zaidi ni la njaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mtu anaweza kuniuliza kwa haki ni nani anayejali vitamini C mwaka ambao hata hayo mahindi hayapo. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia vuli ya mwaka 2020, na katika kipindi hicho mwalimu aliyepata gunia lolote alishukuru Mungu. Nakubali. Lakini tuangalie takwimu zilizotangulia ukame huo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 46 ya watoto wa Kitui walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, kiwango kilicholingana na cha Pokot Magharibi na kilichokuwa cha juu kuliko kaunti zote, wakati wastani wa nchi ulikuwa 26. Udumavu hauji kwa njaa ya mwaka mmoja. Huja polepole, kwa sahani inayojaa wanga kila siku na kukosa mengine, pamoja na maradhi na maji machafu. Mtoto aliyedumaa kabla ya chekechea hawezi kurejeshwa kikamilifu na chakula cha shule, hilo ni kweli. Lakini huyo ndiye anayefika gredi ya kwanza, na kumjaza tumbo kwa kilekile kilichomdumaza si huruma. Tena ukame wenyewe ni hoja upande wangu: mtama na mawele huvumilia mvua chache kuliko mahindi, na kunde hukomaa upesi. Tunapoiambia shule inunue mahindi tu, tunamwambia mkulima wa Tseikuru aendelee kubahatisha zao ambalo ardhi yake hulikataa katika misimu mingi kuliko inavyolikubali.

Pingamizi la pili husemwa kwa kicheko: watoto hawataki mtama. Ni kweli wengi hawautaki, na wazazi wao pia. Lakini mahindi meupe si urithi wa kale hapa; yalishika nafasi ya mawele na mtama katika karne ya ishirini, yakisaidiwa na biashara, mashamba ya walowezi, chakula cha msaada, na baadaye mbegu za muda mfupi kutoka kituo cha utafiti cha Katumani. Ladha iliyojengwa kwa miongo michache inaweza kujengwa tena, mradi isijengwe kwa kulazimisha. Mtoto anayepewa siku moja uji mweusi mchungu wa mtama mtupu ataumwaga, na atakuwa sahihi. Uji wa mahindi uliochanganywa na mawele kidogo, ukaongezwa ukwaju au ubuyu ukapata uchachu, ataomba tena. Mpishi ndiye ufunguo hapa, na katika shule nyingi yeye ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote na kuulizwa mwisho. Mpishi mzuri anajua kwamba ndengu haziwekwi pamoja na mahindi tangu mwanzo, zitapasuka na kuwa uji kabla mahindi hayajaiva. Huchemshwa peke yake, hukaangiwa kitunguu na nyanya, na kwa kuwa huiva kwa muda mfupi bila kuloweshwa, zinakula kuni chache kuliko maharagwe. Kwenye shule ambako kila mtoto anatakiwa kuja na ukuni mmoja asubuhi, hiyo si faida ndogo. Na maembe, je? Sijapata kusikia shule iliyolalamika kwamba watoto wamekataa maembe.

Hapo ndipo tunatoka nje ya lango, kwa sababu kibanda cha langoni ndicho mahali pekee ambapo mtoto anachagua kweli. Ana shilingi kumi. Mbele yake kuna mandazi, kachiri za viazi, peremende, barafu ya rangi kwenye mfuko mwembamba, soda kwa wenye uwezo. Kuna pia mabuyu, na hapa lazima niseme kitu. Mibuyu imesimama Kitui Kusini na Kibwezi tangu kabla ya babu wa babu zetu, na unga mweupe unaozunguka mbegu zake una vitamini C nyingi kuliko chungwa. Unga huohuo sasa unamrudia mtoto wetu ukiwa umefunikwa sukari na rangi nyekundu inayobaki kwenye ulimi hadi kipindi cha mwisho. Kuhusu sukari, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana ipungue hadi nusu ya hapo. Soda moja ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Kwa mtoto mdogo, chupa hiyo peke yake inakivuka kile kikomo cha chini. Watoto wa vijijini hawanywi soda kila siku, namshukuru Mungu kwa umaskini wao katika hilo moja tu, lakini wa Wote, Kitui mjini na Emali wanaikaribia tabia ya mjini haraka.

Baadhi ya shule hujibu kwa kumfukuza mwuzaji. Mimi siungi mkono. Mwuzaji wa langoni kwa kawaida ni mama wa watoto wa shule hiyohiyo, na akifukuzwa leo atahamia mita hamsini mbele kesho, nje ya macho ya mwalimu wa afya. Zaidi ya hayo, yeye anauza kinachonunulika. Mtoto asiyekula cha kutosha saa saba ndiye mteja wake bora wa saa tisa. Mwalimu mkuu ana uwezo wa kumwambia: uza hapa karibu na lango, penye maji ya kunawa, lakini meza yako iwe na mayai ya kuchemsha, maembe yaliyokatwa, viazi vitamu, ubuyu usiotiwa rangi, na soda usilete. Mama wengi watakubali kwa sababu kibali cha kukaa langoni kina thamani. Hata hivyo bei itaamua mengi: yai haliuzwi shilingi kumi, na mandazi yanauzwa. Kwa hiyo hata mazungumzo ya kibanda yanarudi jikoni. Sufuria likiwa na ladha na likatosha, shilingi kumi hupungua mvuto.

Wengine watasema haya yote ni kazi ya wazazi. Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Ugumu uko kwenye mgawanyo wa kazi. Kaunti zimepewa kilimo, afya na madarasa ya chekechea. Shule za msingi na chakula chake viko chini ya serikali kuu. Hivyo afisa wa kilimo anayejua ni nani amevuna mbaazi Makindu hana neno kuhusu kinachopikwa ng'ambo ya barabara, na afisa wa lishe wa kaunti anapima watoto ambao sahani zao zinapangwa Nairobi. Mtu atanionyesha mpango wa Dishi na County ulioanza Nairobi mwaka 2023, ambapo majiko makubwa machache hupikia maelfu na mtoto hulipa shilingi tano kwa sahani. Ni mpango wa kuonewa wivu, lakini Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na chakula cha kubebwa kwa gari kutoka jiko moja kitafika Ikutha kikiwa kimechacha. Kwetu jiko litabaki kwenye kila shule, kwa hiyo ununuzi nao hauna budi kuwa karibu na kila shule.

Na gharama? Ndengu mara nyingi ni ghali kuliko maharagwe, na anayesema vinginevyo hajaenda sokoni. Lakini bei ya ndengu, mbaazi na kunde wiki mbili baada ya mavuno si bei ya miezi mitano baadaye, na hata pale shule inaponunua yenyewe, wakati fedha za muhula zinapofika mara nyingi mavuno yamekwisha kupita mikononi mwa madalali. Chukua shule ya watoto 300. Gramu 40 za jamii ya kunde kwa kila mtoto ni kilo 12 kwa siku, na kwa muhula wa wiki 13 ni kilo 780, yaani karibu magunia tisa ya kilo 90. Magunia tisa ni mazao ya wakulima wachache wa kijiji kimoja, na yanaenea kwenye kona moja ya stoo yakiwekwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huzuia wadudu bila dawa. Mvua za vuli ndizo za kutegemewa zaidi Ukambani. Mazao yake huvunwa kuanzia Januari, shule zikifunguliwa. Mbaazi za muda mrefu hukauka katikati ya mwaka, kabla ya muhula wa tatu, ule ambao stoo huwa tupu. Kamati ikikutana Novemba, mashamba yakiwa bado ya kijani, inaweza kukubaliana na wakulima hao bei, kiasi na kipimo cha ukavu wa punje, ikawaandikia, na kuiomba kaunti iwadhamini kwa malipo hadi fedha ya Nairobi ifike. Kinachohitajika kubadilishwa kwenye fomu ya ununuzi ni mstari mmoja unaosema maharagwe.